Mizani ya Nkuhungu

Saa kumi na mbili na nusu nafungua kufuli la yadi.
Upepo wa Dodoma umeshanitangulia kazini:
umepekua magunia, umeonja vumbi,
umeitupa chupa moja ya maji hadi ng'ambo ya reli
kama mteja aliyetajiwa bei akasusa.

Mimi ni Sechelela, mshika mizani.
Daftari langu lina safu nne:
chuma kizito, chuma chepesi, alumini, plastiki.
Shaba naiandika ukurasa wa nyuma, peke yake,
maana shaba ina wenyewe
na wenyewe wana maswali.

Wa kwanza daima ni Mama Nyemo na toroli lake,
chupa za harusi ya Jumamosi, zimekanyagwa zikalala.
Kilo kumi na moja na robo.
Ananitazama kidole, si uso.
Nami nakiondoa kidole, auone mshale ukihangaika.
Ukitulia, tunapumua wote wawili.

Akiba haiozi, alisema bibi akifunika kihenge cha mtama.
Chupa nayo haiozi.
Nilicheka peke yangu
siku nilipoyapima maneno hayo sahani moja.

Lakini kule Kigwe, mwaka malisho yalipokatika,
ng'ombe wa baba, yule wa mabaka,
alikataa majani, akakataa pumba, akafa ameshiba.
Kisu kilipofungua tumbo hatukuona nyasi:
mifuko, kamba, kifuniko chekundu,
vimefumwa pamoja kama mpira wa watoto.
Baba alinawa mikono mara tatu.
Hakusema neno.
Basi wakiniambia, Seche, kazi gani hii ya takataka,
nasema sawa,
naongeza jiwe kwenye mizani.

Alhamisi alikuja kijana na sufuria.
Imetoboka, sikio moja halipo.
Niliigeuza nimtajie bei
na chini yake, kwa msumari, nikasoma: M. CH.
na nukta tatu, moja kwa kila mtoto;
ya tatu ndiyo mimi, imekwaruzwa kwa haraka.

Sufuria ya mama.
Iliazimwa msiba wa jirani, haikurudi.
Aliiulizia miaka miwili kisha akanyamaza,
kwa sababu wafiwa hawadaiwi.

Umeipata wapi?
Korongoni. Mvua imeifukua.

Kilo moja kasoro kidogo. Nilimlipa moja kamili.
Nikaificha chini ya meza siku mbili
kama mwizi wa mali yake.
Jumamosi fundi Sudayi akaja na mkokoteni wa kununua alumini.
Nikasema, hii hapana.
Akaigonga kwa ukucha, akaisogeza kwenye jua,
jua likapita katikati:
Haishiki maji, Seche. Itashika nini?

Nikafunga yadi, nikamfuata hadi kwenye tanuri lake.
Shimo, oili chafu, feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli.
Pistoni za pikipiki zilikuwa zimeshaanza kulegea,
na fremu za dirisha la ofisi fulani iliyohama.
Sufuria ikakaa juu kidogo, kama mgeni anayeona haya,
kisha ikazama.
Herufi zilitangulia.
Nukta sikuziona zikienda.

Hakuna kilima kilichochimbwa siku ile.
Hakuna shimo jipya lililoachwa wazi
likisubiri mvua, na baada ya mvua mtoto.
Mchanga wa kalibu ulitoka korongoni na utarudi korongoni.
Nililiandika hilo daftarini, nikakosa safu yake.

Jumatatu Sudayi akaleta sufuria sita, bado zina joto la jua la njiani.
Lipi ni lile la mama? nilimuuliza, ulimi ukiteleza.
Alicheka hadi akakohoa:
Zote, Seche. Kidogo kidogo.

Jioni Mama Nyemo alichagua moja kwa pesa ya chupa.
Aliigonga, akasikiliza, akaigonga tena.
Akauliza kama nina msumari.